setup() na loop(): Urahisi Usiosikia Hodi

Masika moja nilipoteza zaidi ya nusu ya mvua iliyonyesha kwenye shamba la majaribio huko Morogoro. Maji yenyewe yalishuka kama kawaida, mahindi yakanywa, na tope likajaa kwenye viatu. Kilichopotea ni hesabu. Kipimamvua changu, nilichokiunganisha mwenyewe na bodi ya Arduino Uno, kilikuwa kinaripoti chini ya nusu ya kile nilichokuwa nakisoma kila asubuhi kwenye kipimamvua cha kawaida cha kumimina na kupima, kilichosimama hatua mbili tu pembeni yake.

Nikalaumu waya. Nikalaumu betri. Nikamlaumu hadi mjusi mmoja aliyependa kuota jua juu ya kifuniko. Mwishowe msimamizi wangu alikuja shambani, akaangalia ile bodi, akauliza swali moja tu: "Mvua inapogonga hapa, nani yuko macho?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa ndani ya programu yangu yenyewe, kwenye mstari mmoja ulioandikwa delay(5000). Ila leo sitaki tuishie kucheka kosa langu. Nataka, msomaji, tukikague kiolesura chenyewe kilichonifundisha kuandika hivyo. Ni kiolesura ninachokipenda na ninachokitumia mpaka leo. Ndiyo maana kinastahili kukosolewa.

Tukio ni nini? Ni hodi

Programu nyingi tunazojifunza mwanzoni zinaanzia juu na kuishia chini: soma namba, kokotoa, toa jibu, maliza. Lakini kifaa kinachokaa porini hakina mwisho, na kazi yake inaletwa na mambo ya nje: kitufe kimebonyezwa, ujumbe umeingia, tone limeangukia kikombe. Kila moja ya hayo ni tukio, na programu ya namna hii tunasema inaendeshwa na matukio.

Fikiria mgeni anapokuja nyumbani. Kuna njia mbili za kujua kafika. Ya kwanza, wewe mwenyewe unaenda mlangoni kila baada ya muda, unafungua, unachungulia, unarudi jikoni. Ya pili, unaendelea na mapishi yako, na mgeni akifika anapiga hodi; unapunguza moto, unaitikia karibu, unamfungulia, kisha unarudi kwenye sufuria.

Njia ya kwanza inafanya kazi kama unachungulia haraka sana kuliko wageni wanavyokata tamaa. Ukichungulia mara moja kwa saa, wapo watakaosimama, waondoke, na wewe utaapa kwamba siku nzima hakuja mtu.

Kipimamvua changu ndivyo kilivyokuwa. Ndani yake kuna vikombe viwili vidogo vilivyokaa kwenye mhimili mmoja, mfano wa mizani. Kikombe kimoja kikijaa kiasi cha milimita 0.2 za mvua, kinaanguka upande wake, kinamwaga, na kingine kinainuka kupokea. Katika kuanguka huko, sumaku inapita mbele ya swichi ndogo na kuifunga kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Hiyo ndiyo hodi. Ukipitwa nayo, haitarudiwa.

Walichokifanya Ivrea kilikuwa kizuri

Tuwe waungwana, tuanze na sifa. Kabla ya Arduino, kuwasha taa moja kwenye kidhibiti cha aina ya ATmega kulikutaka ujue rejista. Uandike kitu kama DDRB |= (1 << 5), halafu PORTB |= (1 << 5), na ujue kwanini ni 5. Mhandisi aliyesomea haoni shida hapo. Mwanafunzi wa sanaa anayetaka kutengeneza taa inayocheza na muziki anafunga kompyuta na kwenda zake.

Mwaka 2001, Casey Reas na Ben Fry, wakiwa MIT huko Marekani, walianza Processing, lugha ya kuchora picha kwa kompyuta. Ukaandika fanksheni mbili: setup(), inayoitwa mara moja mwanzoni, na draw(), inayoitwa tena na tena, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde. Mwaka 2003, Hernando Barragán, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika taasisi ya usanifu mjini Ivrea, Italia, alichukua wazo hilo na kulipeleka kwenye bodi za kielektroniki katika mradi wa tasnifu yake ulioitwa Wiring. Mwaka 2005 Arduino ikazaliwa hapo hapo Ivrea, ikajengwa juu ya wazo hilo hilo.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, mkiambiwa tasnifu za uzamili zinaishia kwenye kabati la maktaba, mtajeni Barragán.

Matokeo yake ni kiolesura ambacho unaweza kumweleza mtu kwa dakika moja. Fanksheni mbili tu. Ndani ya setup() unaweka maandalizi, ndani ya loop() unaweka kazi ya kila siku. Taa inawashwa kwa digitalWrite(13, HIGH). Kusubiri sekunde moja ni delay(1000). Basi! Nimewahi kuwafundisha wanafunzi wa sekondari ambao hawajawahi kuandika msimbo maishani, na kabla ya kipindi cha pili hakijaisha taa zilikuwa zinapepesa meza nzima. Hilo si jambo dogo.

Panapovuja

Sasa tazama msimbo wangu wa mwanzo, nilioupunguza ubaki kiini:

void loop() {
  if (digitalRead(2) == LOW) {
    hesabu++;
  }
  tumaData();
  delay(5000);
}

Unasomeka vizuri kabisa, au sivyo? Kama swichi imefungwa, ongeza hesabu. Tuma data. Subiri sekunde tano. Rudia. Mtu yeyote atakuambia uko sawa.

Lakini ukiusoma kwa jicho la hodi, unasema hivi: chungulia mlangoni kwa kufumba na kufumbua, kisha lala sekunde tano. Mvua kubwa ya milimita 120 kwa saa inaangusha kikombe mara 600 kwa saa, yaani mara moja kila sekunde sita. Uwezekano wa kuchungulia wakati ule ule sumaku inapita ni mdogo. Kwa kweli, jambo la kushangaza ni kwamba kifaa changu kilihesabu chochote. Nilipokuja kuchunguza, sehemu kubwa ya ilichohesabu ni mara ambapo kikombe kilinata na swichi ikabaki imefungwa kwa muda, mdundo mmoja ukahesabiwa mara kadhaa. Kwa hiyo hata ile nusu niliyoipata haikuwa mvua ya kweli. Ilikuwa kosa lililovaa nguo za data.

Hapa ndipo ninapoanza kukigombeza kiolesura. Mtu atasema: kosa ni lako, soma maelekezo. Sawa, nusu ya kosa naibeba. Ila nauliza: ni nani aliyenifundisha delay()? Mfano wa kwanza kabisa anaokutana nao kila mwanafunzi wa Arduino ni ule unaoitwa Blink, wa kupepesa taa, na umejengwa juu ya delay(1000). Upo mfano mwingine unaofundisha njia ya kutosimamisha kila kitu, lakini jina lake ni BlinkWithoutDelay, yaani kupepesa bila delay. Ona jinsi hata jina linavyokubali kwamba delay() ndiyo desturi, na kuishi bila hiyo ni somo la baadaye.

Na delay() inafanya nini hasa kwenye Uno? Inazungusha prosesa ya megahezi 16 mahali pamoja, ikihesabu muda, mpaka uishe. Prosesa hailali, ingelala tungeokoa betri. Iko macho, ina nguvu zote, ila imeambiwa isimsikilize mtu. Kichekesho ni kwamba ndani ya delay() kuna mwito wa fanksheni iitwayo yield(), ambayo maana yake ni kuwapisha wengine. Kwenye Uno fanksheni hiyo ni tupu. Mlango wa kupisha upo, nyuma yake hakuna chumba.

Tukio la jina tu

Kasoro ya pili inaniudhi zaidi, kwa sababu ile ya kwanza ni ya kunyamaza, hii ni ya kudanganya.

Arduino ina fanksheni iitwayo serialEvent(). Jina linakuahidi tukio: data ikifika kwenye waya wa mawasiliano, fanksheni yako itaitwa. Mwanafunzi anaona jina, anafurahi, anasema hatimaye hodi imesikika.

Sasa fungua faili la msingi linaloendesha kila programu ya Arduino kwenye Uno, ambalo kiolesura kinakuficha. Kuna main(), kama programu nyingine yoyote ya C++. Ndani yake setup() inaitwa mara moja, kisha kuna kitanzi kisichoisha. Kitanzi hicho kinaita loop() yako, na ikishamaliza, ndipo kinaangalia kama kuna data, na kama ipo, kinaita serialEvent(). Maana yake, hiyo siyo hodi. Ni kuchungulia kule kule, isipokuwa anayechungulia ni mtu mwingine, na anachungulia ukishamaliza mapishi yako yote. Ukiweka delay(5000) ndani ya loop(), "tukio" lako litasubiri hizo sekunde tano.

Tena halitasubiri salama. Herufi zinazoingia zinahifadhiwa kwenye kijisanduku cha baiti 64. Kwa kasi ya kawaida ya 9600, zinaingia herufi kama 960 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: kijisanduku kinajaa kwa takriban sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Kuanzia hapo herufi zinazofuata zinatupwa kimya kimya. Hakuna onyo, hakuna taa nyekundu.

Na hizo herufi za mwanzo, nani alizipokea wakati delay() imeshika usukani? Zilipokelewa kwa katizo, yaani ishara ya kielektroniki inayoisimamisha prosesa kidogo, inaifanya ishughulikie jambo, kisha inairudisha pale ilipokuwa. Hata saa ya ndani, millis(), inahesabiwa kwa katizo linalotokea kila baada ya milisekunde 1.024. Kwa maneno mengine, Arduino yenyewe chini kwa chini inaishi kwa hodi. Waliojenga wanajua thamani yake na wanaitumia kila sekunde. Ni sisi tuliopewa nyumba isiyo na mlango wa kugonga.

Dawa ipo, ila ina masharti

Utaniambia: ipo attachInterrupt(). Kweli, ndiyo iliyoniokoa. Hivi ndivyo kipimamvua changu kinavyofanya kazi sasa:

volatile unsigned int hesabu = 0;
unsigned long mwisho = 0;

void hodi() {
  unsigned long sasa = millis();
  if (sasa - mwisho > 300) {
    hesabu++;
    mwisho = sasa;
  }
}

void setup() {
  pinMode(2, INPUT_PULLUP);
  attachInterrupt(digitalPinToInterrupt(2), hodi, FALLING);
}

Unaiambia bodi: pini namba 2 ikishuka kutoka juu kwenda chini, iite fanksheni hodi, hata kama uko katikati ya jambo lingine. Zile milisekunde 300 ni za kuchuja mtetemo, kwa sababu swichi ikifunga au ikifungua huwa inatetemeka na kugonga mara kadhaa. Kwa mvua inayoangusha kikombe kila sekunde sita hatupotezi kitu.

Fupi na safi. Lakini angalia mambo ambayo ghafla inakubidi uyajue, wewe uliyeahidiwa kwamba hutahitaji kujua kitu.

Kwanza, kwenye Uno makatizo ya namna hii yanapatikana kwenye pini mbili tu, 2 na 3. Kiolesura kilichokuonyesha pini zote zikiwa sawa sasa kinakuambia mbili ni bora kuliko nyingine. Pili, ndani ya fanksheni hiyo delay() haifanyi kazi na millis() haisogei mbele, kwa hiyo lile neno la kwanza ulilofundishwa linakuwa haramu. Tatu, lazima uandike volatile, la sivyo mkusanyaji wa msimbo anaweza kuamua kwamba hesabu haibadiliki na kukusomea thamani ya zamani.

Nne ndiyo inayotisha. Prosesa hii inasoma biti 8 kwa mara moja, na hesabu yangu ina biti 16, kwa hiyo inasomwa kwa hatua mbili. Tuseme hesabu ni 255. loop() inasoma nusu ya chini: 255. Kabla haijasoma nusu ya juu, kikombe kinaanguka, hesabu inakuwa 256, ambapo nusu ya juu ni 1 na ya chini ni 0. loop() inaendelea, inasoma nusu ya juu: 1. Ukiziunganisha unapata 511. Mvua iliyoongezeka kwa milimita 0.2 inaripotiwa kana kwamba imeongezeka zaidi ya milimita 51. Kosa hili linaweza kutokea mara moja kwa msimu, na utakalolala nalo usiku ni kujiuliza kama ile siku ya mafuriko ilikuwepo kweli. Kinga yake ni kufunga mlango kwa muda mfupi unaponakili: noInterrupts(), nakala, halafu interrupts(). Mistari mitatu, lakini nani anakuambia?

Ongeza na hili: millis() inajaa na kurudi sifuri baada ya siku 49 na ushee, kwa kuwa imehifadhiwa kwa biti 32. Masika ya Machi hadi Mei ni ndefu kuliko hapo. Ukiandika sasa - mwisho > 300 kama nilivyofanya hapo juu, uko salama, kwa sababu kutoa kwa namba zisizo na alama ya hasi kunajirekebisha. Ukiandika sasa > mwisho + 300, ambayo kwa macho ni hesabu ile ile, unaweza kuharibikiwa siku ya hamsini.

Kwa hiyo ngazi ya kiolesura hiki ina vidato viwili vya chini vilivyo rahisi, kisha pengo kubwa, kisha paa. Hakuna kidato cha katikati.

Kumbe inawezekana

Ningekuwa naomba muujiza, ningenyamaza. Lakini mfano bora upo, na wa kwanza uko kwa mzazi mwenyewe. Processing haikuwa na setup() na draw() tu. Ilikuwa na mousePressed() na keyPressed(): andika fanksheni yenye jina hilo, na itaitwa kitufe kikibonyezwa. Matukio yanasubiri draw() imalize picha moja kisha yanahudumiwa moja baada ya jingine, kwa hiyo huwezi kupata ile balaa ya 255 na 511. Arduino ilirithi kitanda, ikaacha mlango.

Mfano wa pili ni micro:bit, bodi ambayo BBC ilishirikiana na wengine kuigawa kwa watoto wapatao milioni moja nchini Uingereza mwaka 2016. Kwenye mazingira yake ya MakeCode, mtoto wa miaka 11 anaburuta kipande kinachosema "kitufe A kikibonyezwa" na kuweka kazi ndani yake. Kuna kipande cha "daima" pia, sawa na loop(), na kuna cha kupumzika, sawa na delay(). Tofauti iko chini: kazi moja ikipumzika, nyingine zinapishwa. Mtoto anaandika kwa urahisi ule ule, na kitufe bado kinasikika.

Nayo ina mipaka, nisije nikaonekana nimelipwa. Kupishana kwake ni kwa hiari. Ukiandika kitanzi kizito kisichopumzika, wengine watakwama. Vilevile inataka kumbukumbu zaidi ya zile kilobaiti 2 za Uno. Mwaka 2005, kwa bodi za wakati ule na bei yake, huenda waanzilishi wa Arduino hawakuwa na nafasi ya kuweka vyote. Nakubali. Lakini bodi za leo kama ESP32 zina nafasi tele, na huko delay() tayari inapisha kazi nyingine chini kwa chini. Bado mwanafunzi anakabidhiwa zile fanksheni mbili na ule mfano wa Blink. Udhuru wa vifaa umekwisha; kilichobaki ni mazoea.

Kwa hiyo tukitupe?

Hapana. Kwa kupepesa taa, kusoma joto kila dakika, au kufungua bomba kwa ratiba, setup() na loop() zinatosha na sitamruhusu mtu anitishe nazo. Hukumu yangu ni ndogo zaidi kuliko hiyo. Kurahisisha ni kuchagua cha kuficha. Arduino ilipoficha rejista ilifanya vyema, kwa sababu taa haijali umeiwasha kwa njia gani. Ilipoficha wakati, ilikosea, kwa sababu mvua haikungoji.

Ukiwa unafundisha, nakuomba jambo moja. Siku ile ile unayowaonyesha wanafunzi Blink, waunganishie na kitufe, waombe wakihesabu huku taa inapepesa. Waache waone kitufe kinavyopuuzwa. Dakika kumi tu. Watakuuliza wenyewe kwanini, na hapo ndipo somo la matukio linapoanza.

Na ukiwa una kifaa shambani sasa hivi, kabla hujaandika sura ya matokeo, fungua msimbo wako utafute delay(). Ukiipata, jiulize lile swali nililoulizwa mimi. Kisha weka kopo la kawaida pembeni ya kifaa chako, na ulisome kila asubuhi kwa macho yako. Langu bado lipo pale pale, hatua mbili kutoka kwenye bodi, na ndilo ninaloliamini kwanza.